Saratani ya limfu: Kuuona ufa si kuuziba

Mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu anaweza leo kuelezwa, miezi 2 tu baada ya kuanza matibabu, iwapo dawa anazopewa zinaelekea kumponya au la. Kipimo kinachotoa habari hiyo kimebadili tiba barani Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na sasa kimeanza kupatikana Afrika Mashariki. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa kwa takriban miaka 20 zinaonyesha kwamba kutabiri matokeo ya matibabu ni jambo moja, na kuyabadili matokeo hayo ni jambo jingine.

Saratani ya limfu, ambayo madaktari huiita limfoma, ni kundi la maradhi yanayoanzia katika chembechembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Dalili yake inayojulikana zaidi ni uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani. Mara nyingine uvimbe huo hufuatana na homa, kutokwa na jasho jingi usiku na kukonda. Aina mojawapo ilielezwa na daktari Thomas Hodgkin mjini London mwaka 1832, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Limfoma ya Hodgkin, ambayo huwapata wengi wakiwa bado vijana, ni miongoni mwa saratani zinazopona kwa urahisi zaidi kuliko nyingi. Mchanganyiko wa dawa 4 uitwao ABVD, uliobuniwa mjini Milan na Gianni Bonadonna na wenzake katika miaka ya 1970, ungali unatumika katika nchi nyingi duniani.

Lakini uponyaji huo una gharama yake. Bleomisini, mojawapo ya dawa hizo 4, inaweza kuharibu mapafu. Tiba ya mionzi kifuani inaweza kuleta maradhi ya moyo miaka mingi baadaye, na saratani ya matiti kwa wanawake waliotibiwa wakiwa wasichana. Kwa hiyo swali linalowakabili madaktari si tu namna ya kuiua saratani, bali pia namna ya kumtambua mapema mgonjwa anayehitaji dawa kali na yule anayeweza kupunguziwa.

Sukari yenye mionzi

Picha za eksirei na za mashine ya CT huonyesha ukubwa na umbo la uvimbe. Haziwezi kueleza kama kilichobaki baada ya dawa ni saratani iliyo hai au ni kovu tu. Tatizo hilo ni kubwa katika limfoma ya Hodgkin, kwa kuwa seli za saratani zenyewe huwa chache ndani ya uvimbe. Sehemu kubwa iliyobaki ni seli nyingine zilizokusanyika kuzizunguka, pamoja na nyuzi za kovu ambazo hubaki hata baada ya ugonjwa kwisha.

Kipimo cha PET hufuata njia tofauti. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, kisha hudungwa sindano ya sukari iliyounganishwa na florini-18, ambayo hutoa mionzi kwa muda mfupi. Hupumzika kwa takriban saa moja, halafu hulazwa katika mashine inayoonyesha mahali ambapo sukari hiyo imekwenda. Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa wingi kuliko seli za kawaida, na hivyo hung'aa katika picha.

Faida yake ni kwamba mabadiliko ndani ya seli hutangulia mabadiliko ya ukubwa. Uvimbe unaweza kuwa bado mkubwa katika picha ya CT, kumbe saratani iliyomo imekwishazimika. Unaweza pia kuwa umepungua nusu, lakini sehemu iliyobaki ingali inawaka.

Mwaka 2007 watafiti wa Italia na Denmark, wakiongozwa na Andrea Gallamini na Martin Hutchings, walichapisha matokeo ya wagonjwa 260 wa limfoma ya Hodgkin, wengi wao wakiwa katika hatua za mbele za ugonjwa. Wote walipigwa picha ya PET baada ya mizunguko 2 ya dawa. Miongoni mwa wale ambao picha zao hazikuonyesha saratani iliyo hai, asilimia 95 walipita miaka 2 bila ugonjwa kuendelea wala kurudi. Miongoni mwa wale ambao picha zao bado ziling'aa, waliofikia hapo walikuwa chini ya asilimia 13.

Tofauti hiyo iliushangaza ulimwengu wa tiba. Kabla ya hapo madaktari walitegemea alama 7 zilizokusanywa siku ya kwanza, zikiwamo umri wa mgonjwa, wingi wa damu yake na hatua ya ugonjwa. Picha moja ya mwezi wa pili iliweza kutabiri vizuri zaidi kuliko alama zote hizo kwa pamoja.

Ini kama kipimo cha mwanga

Utabiri huo ulizaa tatizo jipya. Mng'ao kidogo una maana gani? Daktari mmoja angeweza kuiona picha kuwa safi, na mwenzake akaiona kuwa na saratani.

Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, mji wa pwani kaskazini mwa Ufaransa, wakakubaliana juu ya mizani yenye ngazi 5. Badala ya kutegemea jicho la msomaji peke yake, mng'ao wa uvimbe hulinganishwa na sehemu 2 za mwili wa mgonjwa mwenyewe: damu iliyo katika mishipa mikubwa ya kifuani, na ini. Ngazi ya 1 ni pasipo na mng'ao wowote. Ngazi ya 3 ni mng'ao unaozidi ule wa damu lakini hauzidi ule wa ini. Ngazi ya 4 na ya 5 ni mng'ao unaolizidi ini, au kutokea kwa uvimbe mpya.

Hata hivyo mpaka kati ya picha njema na mbaya haukuwekwa mahali pamoja na watafiti wote. Waliokusudia kupunguza dawa walitaka uhakika mkubwa, na baadhi yao waliihesabu ngazi ya 3 kuwa mbaya. Wengine waliokusudia kuongeza dawa waliogopa kumpa sumu mtu asiyeihitaji, wakaihesabu ngazi hiyo hiyo kuwa njema. Kwa maneno mengine, picha haijisemei yenyewe. Maana yake hutegemea uamuzi utakaofuata.

Kupunguza dawa kumeleta faida

Ushahidi ulio thabiti zaidi wa manufaa ya kipimo hiki unahusu wagonjwa wanaoendelea vizuri.

Utafiti mkubwa uitwao RATHL, ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, uliwaandikisha zaidi ya wagonjwa 1,200 wenye ugonjwa uliosambaa. Wale ambao picha zao zilikuwa njema baada ya mizunguko 2 waligawanywa kwa kura. Nusu waliendelea na dawa zote 4, na nusu wakaondolewa bleomisini. Baada ya miaka 3, asilimia 85.7 ya kundi la kwanza na asilimia 84.4 ya kundi la pili walikuwa hawajapata pigo la ugonjwa kurudi au kuendelea. Tofauti ni ndogo, na walioondolewa bleomisini walipata madhara machache zaidi ya mapafu.

Nchini Ujerumani, utafiti wa HD18 ulihusu mchanganyiko mkali zaidi uitwao BEACOPP. Ulionyesha kwamba wagonjwa wenye picha njema wanaweza kupewa mizunguko 4 badala ya 6 au 8 bila kupunguza uwezekano wa kupona. Kwa kijana anayetumaini kupata watoto, au kurejea masomoni mwaka huo huo, kupunguziwa nusu ya dawa hizo si jambo dogo.

Mambo hayakuwa rahisi hivyo kila mahali. Utafiti mwingine wa Uingereza, uitwao RAPID, uliwahusu wagonjwa wa hatua za mwanzo na kuchapishwa mwaka 2015. Wenye picha njema waliopewa mionzi, asilimia 94.6 kati yao walipita miaka 3 bila ugonjwa. Wale ambao hawakupewa mionzi walikuwa asilimia 90.8. Kwa hiyo kuacha mionzi kuna hasara ndogo ya karibu, ambayo mgonjwa na daktari wake wanapaswa kuipima dhidi ya madhara yanayoweza kujitokeza miaka 20 baadaye. Mashine haiwezi kuwafanyia uamuzi huo.

Matokeo ya RATHL yana fundisho jingine. Takriban wagonjwa 15 kati ya kila 100 waliopata picha njema walipatwa na ugonjwa tena ndani ya miaka 3. Picha njema ni habari ya kutia moyo, lakini si hati ya kuachiwa huru.

Kuongeza dawa kuna mipaka

Upande wa pili ni mgonjwa ambaye picha yake ingali inang'aa. Mantiki inaonyesha kwamba apewe dawa kali zaidi. Katika limfoma ya Hodgkin mantiki hiyo imepata ushahidi. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uitwao H10 uliwahusu wagonjwa wa hatua za mwanzo. Wenye picha mbaya walioendelea na ABVD kisha mionzi, asilimia 77.4 kati yao walipita miaka 5 bila ugonjwa. Waliobadilishiwa BEACOPP kisha mionzi walifikia asilimia 90.6.

Takwimu hizo zinaonyesha pia kwamba picha mbaya si hukumu ya kifo. Katika utafiti wa mwaka 2007, ni wachache tu wenye picha mbaya waliopita miaka 2 salama. Katika H10, ambako ugonjwa ulikuwa wa hatua za mwanzo na mionzi ikatumika, zaidi ya robo tatu walifanikiwa hata bila kubadilishiwa dawa. Na katika utafiti wa Ujerumani, ambako dawa kali zilitumika tangu siku ya kwanza, takriban 9 kati ya 10 ya wenye picha mbaya walikuwa salama baada ya miaka 3. Nguvu ya utabiri hupungua kadiri tiba inavyokuwa bora.

Hali ni tofauti katika limfoma kali zisizo za Hodgkin. Utafiti wa Kijerumani uitwao PETAL, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapima wagonjwa 862 baada ya mizunguko 2 ya dawa. Picha za 108 kati yao zilikuwa mbaya, na utabiri ulikuwa sahihi: wengi wao hawakuendelea vizuri. Baadhi waliendelea na matibabu ya kawaida na wengine wakahamishiwa dawa kali zaidi. Baada ya miaka 2, asilimia 42 ya walioendelea na matibabu ya kawaida walikuwa hawajapata pigo. Miongoni mwa waliopewa dawa kali walikuwa asilimia 31.6, nao walipata madhara mengi zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika utafiti huo ufa ulionekana mapema, lakini udongo wa kuuziba haukuwapo. Kipimo kilijua nani yuko hatarini, na tiba ya wakati huo haikuwa na la kumpa.

Jina lililotoka Kampala

Dawa kali zilizojaribiwa katika PETAL zilikuwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya limfoma ya Burkitt, na jina hilo linarudi Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala alipoeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo ulionekana huko. Uchunguzi wake uliwasaidia watafiti wa London kugundua mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr, ambavyo sasa vinahusishwa pia na sehemu ya limfoma ya Hodgkin.

Katika miaka hiyo ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliona jambo lililokuwa geni: uvimbe wa taya ukinywea ndani ya siku chache baada ya dozi chache za dawa, na baadhi ya watoto wakipona kabisa. Kuanzishwa kwa taasisi ya saratani ya Uganda mwaka 1967 kulitokana na kazi hiyo. Wazo la kutazama mapema namna ugonjwa unavyoiitikia dawa, basi, si la kigeni katika eneo hili. Lilianza kwa macho na vidole vya daktari kabla ya kuja kwa mashine.

Mashine na yanayoizunguka

Leo vipimo vya PET vinapatikana mjini Nairobi na viunga vyake, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa miaka mingi Wakenya, Watanzania na Waganda wenye uwezo walikuwa wakisafiri hadi India kwa ajili ya kipimo hicho, na wengine wangali wanasafiri.

Kuwa na mashine ni mwanzo tu. Florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya takriban dakika 110. Baada ya saa 5 na nusu inabaki sehemu moja tu kati ya 8. Kwa sababu hiyo hutengenezwa kwa mtambo uitwao saiklotroni ulio karibu na hospitali, na foleni ya magari au hitilafu ya umeme inaweza kuharibu ratiba ya siku nzima. Mgonjwa aliye Kigoma au Gulu hawezi kupelekewa sindano hiyo. Lazima aifuate yeye, na aifuate katika siku chache zinazotangulia mzunguko wa tatu wa dawa. Akichelewa, ama dawa zinasitishwa, ama picha inapoteza maana.

Kuna pia tatizo la maradhi mengine. Sukari hiyo haivutwi na saratani peke yake. Kifua kikuu, maambukizi mengine na virusi vya ukimwi vyenyewe vinaweza kuzifanya tezi zing'ae. Tafiti kubwa zilizotajwa zilifanywa zaidi katika nchi ambako kifua kikuu ni nadra. Katika eneo ambako ni ugonjwa wa kawaida, picha inayong'aa mwezi wa pili inaweza kuwa saratani iliyokataa dawa, au kifua kikuu kilichopata nafasi wakati kinga ya mwili imeshuka. Kumpa BEACOPP mgonjwa wa aina ya pili kunaweza kumwangamiza. Ndiyo maana kukata kipande cha tezi na kukichunguza maabara kunabaki kuwa hukumu ya mwisho pale panapokuwa na shaka.

Na hata shaka ikiondoka, kipo kinachohitajika baadaye. BEACOPP hushusha kinga ya mwili kwa kiwango kikubwa, na huhitaji dawa za kuinua chembechembe nyeupe, damu ya kutosha katika benki ya damu, na wodi inayoweza kumhudumia mgonjwa mwenye homa usiku wa manane. Hospitali isiyo na vitu hivyo ikimpiga mgonjwa picha na kuiona mbaya, imemwongezea hofu bila kumwongezea njia.

Dawa mpya, swali jipya

Wakati Afrika Mashariki inaanza kutumia kipimo hiki, nchi tajiri zimeanza kuuliza kama kitaendelea kuwa na nafasi ile ile. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya tafiti 2 kubwa zilizofuata njia tofauti. Utafiti wa Kijerumani wa HD21 ulitumia mchanganyiko mpya uitwao BrECADD, na picha ya mwezi wa pili ndiyo iliyoamua kama mgonjwa apewe mizunguko 4 au 6. Asilimia 94.3 walipita miaka 4 bila ugonjwa. Utafiti wa Marekani na Canada uliongeza nivolumab, dawa inayozisaidia seli za kinga kuitambua saratani, tangu siku ya kwanza na bila kubadili tiba kwa kufuata picha ya katikati. Asilimia 92 walipita miaka 2 salama, ikilinganishwa na 83 waliopewa dawa nyingine mpya.

Dawa hizo ni ghali mno kwa wagonjwa wengi wa Afrika. Kinyume chake, dawa zote 4 za ABVD zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Hapo ndipo kipimo cha PET kinapoweza kuwa na faida kubwa zaidi katika eneo hili kuliko kule kilikobuniwa. Mahali ambapo ABVD ndiyo tiba iliyopo, picha njema ya mwezi wa pili inampa daktari msingi wa kuondoa bleomisini na kuyanusuru mapafu, bila kuhitaji dawa mpya hata moja. Picha mbaya inaweza kumwelekeza kukata kinyama, kutafuta kifua kikuu na kumhamisha mgonjwa mapema kwenda hospitali yenye uwezo zaidi, nguvu zake zikiwa bado hazijaisha.

Lakini faida hiyo inategemea mambo yanayotangulia mashine. Uvimbe wa shingo usichukuliwe kuwa kifua kikuu kwa miezi bila kupimwa. Maabara iweze kutaja aina ya limfoma kwa usahihi. Dawa zisikatike katikati ya mizunguko, kwa maana picha ya mgonjwa aliyekosa dozi haipimi nguvu ya dawa bali hupima upungufu wa ghala. Na bima za afya ziamue mapema kama zitalipia kipimo hicho, kwa kuwa muda wake hauwezi kungoja barua za idhini.

Mkazi wa Afrika Mashariki anayetibiwa London huenda akafanyiwa kipimo hiki kama sehemu ya kawaida ya matibabu, bila kujua kwamba ni jambo la kujadiliwa. Ndugu yake aliye nyumbani anaweza kulazimika kuchagua kati ya nauli ya kwenda Nairobi na gharama ya mzunguko unaofuata wa dawa. Kwa ushahidi uliopo, anayelazimika kuchagua namna hiyo anapaswa kwanza kuhakikisha dawa. Kipimo kinaweza kuonyesha kama tiba inafanya kazi, lakini hakijawahi kuchukua nafasi ya tiba yenyewe.